Randa na spana: Lizaboni inavyocheza rali bila kuitwa uwanjani

ACHANA kwanza na Simba na Yanga. Achana hata na Majimaji, Wanalizombe wenyewe, ambao wakicheza nyumbani mji wa Songea hauna habari nyingine. Kuna mchezo mwingine unaochezwa Lizaboni, na huo hauna refa, hauna tiketi wala kocha wa kufukuzwa. Jukwaa lake ni tairi bovu na kreti tupu la soda. Wachezaji wake wamepakaa grisi hadi viwikoni, na mpinzani wao ni mmoja tu, miaka nenda rudi: tope jekundu la masika ya Ruvuma.

Lizaboni ni moja ya kata za Manispaa ya Songea. Kama ilivyo kwa mitaa mingi ya mji huo, ufundi hapa haukugawanywa kwa kuta. Seremala anaranda fremu ya mlango chini ya kivuli, na hatua chache mbele yake fundi magari kalala chali chini ya Land Rover, miguu tu ndiyo inayoonekana. Msumeno ukiazimwa asubuhi, jioni unarudi unanuka dizeli. Nyundo ya fundi magari ikivunjika mpini, hana haja ya kwenda dukani, mpini mpya unachongwa hapo hapo huku akisubiri.

Mpita njia akipatazama pale atasema ni gereji bubu tu, na atapita zake. Lakini kwa anayejua michezo ya magari, mahali pa namna hiyo ndipo inapochezwa nusu ya kwanza ya rali. Ile inayoonyeshwa kwenye televisheni, magari yanaruka vichuguu na kurusha matope, ni nusu ya pili. Na mara nyingi mshindi huwa ameshapatikana kipindi cha kwanza, gari likiwa bado juu ya jeki.

RALI ILIPOKUWA USAFIRI

Ruvuma haikuhitaji mtu wa kuandaa mashindano ya magari. Mashindano yalikuwa ndiyo maisha. Kwa miaka mingi barabara ya Songea kwenda Tunduru kupitia Namtumbo, zaidi ya kilomita 250, ilikuwa ya udongo. Kiangazi ni vumbi la kuziba pua, masika ni tope la kumeza gurudumu. Mabasi yaliposalimu amri, Land Rover ndizo zilizobeba abiria, magunia, kuku na wagonjwa. Abiria alilipa nauli, akapanda, kisha akashuka kusukuma. Kulala njiani hakukuwa habari ya kumsimulia mtu.

Gari lenyewe lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, chesisi ya chuma. Bodi haikuoza kwa kutu, na mtu mwenye nyundo, ribiti na subira aliweza kuinyoosha. Ile iliyopendwa zaidi vijijini, 109, ilikalia springi bapa, zile za vyuma vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Mwaka 1983 ikaja 110 yenye springi za koili, ikawa laini kidogo kwa mgongo wa abiria, ila ukorofi wake kwenye tope ulikuwa ule ule.

Dereva wa njia ile alikuwa mwanamichezo, tatizo hakuna aliyempa medali. Alijua kupunguza upepo kwenye tairi ili likanyage kwa upana kwenye tope na mchanga. Alijua kwamba chini ya kasha la klachi la Land Rover kuna tundu la kutolea mafuta yaliyovuja, na kwamba kabla ya kuingia mtoni tundu hilo lazima lizibwe kwa skrubu yake, la sivyo maji yanaifuata klachi. Alijua kulegeza mkanda wa feni ili feni isirushe maji juu ya mfumo wa umeme. Alifunga turubai au gunia mbele ya rejeta ili gari lisukume wimbi badala ya kulimeza. Na kabla ya yote hayo alivua viatu, akachukua fimbo, akayapima maji kwa miguu yake mwenyewe.

Haikuwa woga, ni hesabu. Pistoni imeumbwa kubana hewa, na maji hayabaniki. Yakiingia kwenye silinda wakati injini inazunguka, kinachokubali kupinda ni mkono wa pistoni. Hapo safari imeisha, na pengine injini nayo imeisha.

Leo lami imefika Tunduru. Upande wa pili imepita Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Safari ya siku imekuwa ya saa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeililia barabara ya zamani, hasa aliyewahi kubeba mgonjwa juu yake. Lakini kila ushindi una aliyeupata na aliyeachwa benchi. Land Rover iliyokuwa mfalme wa njia kuu imesukumwa pembeni, kwenye njia za mashambani, machimboni na msituni. Na gari likikosa kazi, fundi wake naye hukosa mwanafunzi. Hilo ndilo linaloipa gereji ya Lizaboni uzito kuliko inavyoonekana.

GOGO LINAPOKUWA SPRINGI

Mgeni anaweza kuuliza: seremala na Land Rover wapi na wapi? Jibu lake linapatikana porini, usiku, springi ikiwa imekatika.

Jani kuu la springi bapa likikatika, ekseli inakosa kinachoishikilia mahali pake na bodi inalalia upande mmoja. Tairi linaanza kusugua. Hapo hakuna duka la spea, na simu pengine haishiki mtandao. Mafundi wa zamani walikuwa na dawa moja: gogo. Unainua chesisi kwa jeki, unachonga kipande cha mti mgumu kiingie barabara kati ya ekseli na chesisi, unakikata mfereji kikae bila kuteleza, kisha unakifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyovutwa hadi vikalia. Jani lililokatika nalo linafungwa gango kwa kipande cha mti pande zote mbili, kama mganga anavyofunga mguu uliovunjika. Gari linarudi nyumbani mwendo wa konokono, likiruka kama punda, lakini linarudi.

Kazi hiyo si ya fundi magari peke yake. Anayejua spana tu atachukua mti wowote ulio karibu, na kilomita tano mbele mti utapasuka. Anayejua mbao ataangalia nyuzi zinakwenda wapi, atakwepa penye fundo, atakata ili uzito ukae juu ya ncha za nyuzi na si ubavuni. Mbao ina nguvu ya ajabu ikibanwa kufuata nyuzi zake, ila ubavuni ni dhaifu. Hilo seremala analijua tangu siku ya kwanza anapopasua ubao kwa msumari uliopigwa karibu mno na ukingo.

Misitu ya miombo ya Ruvuma imewapa mafundi wake elimu hiyo bure. Mninga unarandika vizuri na haujikunji sana ukikauka, ndiyo maana vitanda na makabati ya harusi ni mninga. Mkongo ni mzito na mgumu, unafaa penye kupondwa. Mkaratusi una nguvu lakini ukikauka vibaya unajipinda na kupasuka. Paina zinazoshuka kutoka Njombe na Mufindi ni nyepesi na rahisi kukata, nzuri kwa rafu na masanduku, ila usizipeleke mahali pa kubeba ekseli. Kwa kuwa kuvuna miti ya asili ni kwa kibali, fundi mjanja hatupi masalia. Kipande cha mkongo kilichobaki kwenye fremu ya mlango ndicho kesho kitakachobeba gari.

BAO LENYE THAMANI KULIKO JEKI

Kama kuna kitu kimoja cha mbao ambacho kila gari la njia mbaya linapaswa kubeba, ni bao la kuwekea jeki. Kulitengeneza ni kazi ya saa chache, na ni zoezi zuri la kwanza kwa kijana anayeingia gereji.

Hesabu yake ni hii. Sahani ya chini ya jeki ndogo ina upana wa kama sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100. Ukiinua kona ya gari yenye uzito wa kilo 600, kila sentimita ya mraba ya ardhi inabebeshwa kilo 6. Kwenye sakafu ya saruji hakuna shida. Kwenye tope, jeki inakwenda chini badala ya gari kwenda juu. Dereva anapiga jeki, jeki inazama, gari limetulia tuli linamtazama.

Sasa chukua mbao za mbili kwa sita. Panga vipande vitatu ubavu kwa ubavu, vikatwe urefu wa sentimita 45, upate mraba wa 45 kwa 45. Juu yake panga vingine vitatu vikikatiza vile vya chini, ili nyuzi za tabaka moja zipishane na za jingine. Toboa kwa kekee, kaza kwa bolti, na vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya mbao ili jeki isiyumbe. Misumari peke yake hailingani na kazi hii, kwa kuwa mbao ikilowa na kukauka mara kwa mara misumari hulegea. Bao hilo lina sentimita za mraba zaidi ya 2,000. Zile kilo 600 sasa zimegawanywa, na kila sentimita ya ardhi inabeba kiasi kisichofika hata theluthi moja ya kilo. Tope lile lile, jeki ile ile, na safari hii linaloinuka ni gari.

Kwa nini tabaka mbili zinazokatizana? Kwa sababu tabaka moja litapasuka kufuata nyuzi siku ya kwanza tu. Zikikatizana, kila tabaka linamzuia mwenzake asipasuke. Ni akili ile ile iliyomo ndani ya plaiwudi.

Kuna na kazi nyingine za mikono ambazo gereji ya namna hii inajifanyia yenyewe. Kitoroli cha kulalia chini ya gari ni mbao nne, kipande cha godoro kuukuu na beringi zilizotupwa. Meza ya kazi yenye jiriwa hujengwa kwa miguu minene na mihimili ya mshazari, kwa sababu meza inayoyumba humfanya fundi akate vibaya na kujikata mwenyewe. Sanduku la zana la kukaa nyuma ya gari lenye droo za kuvuta, lile ambalo watu wa safari za mbuga hulilipia pesa ndefu, kwa seremala ni kabati la kawaida lililolazwa chali. Tofauti ni moja: kabati la sebuleni halipigi mashimo, kwa hiyo hapa pembe huungwa kwa ulimi na tundu, si kwa msumari na dua.

MTOTO WA GEREJI ALIYEWATOA JASHO WAZUNGU

Anayedhani mambo haya ni ya kimaskini na hayana nafasi kwenye michezo mikubwa, akumbuke Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, mtoto wa fundi. Kabla hajawa dereva mashuhuri alikuwa fundi kwenye gereji ya baba yake Nairobi, na baadaye akawa mtu wa doria wa chama cha magari, yule anayeitwa kwenda kumnasua aliyeharibikiwa njiani. Alikuwa ameshajua magari yanavyokufa kabla hajaanza kujifunza namna ya kuyakimbiza.

Mwaka 1965, yeye na mdogo wake Jaswant waliingia kwenye mashindano ya Safari na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika kwenye mashindano hayo, na wao waliitengeneza upya. Timu za viwanda zilikuja na magari ya kung'aa na mafundi wa kutoka Ulaya. Akina Singh walishinda, tena kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Joginder akashinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Katika mashindano 22 ya Safari aliyoingia, alimaliza 19.

Hiyo ya 19 kati ya 22 ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Mwaka 1968 yalianza magari zaidi ya 90 na yakamaliza saba tu. Kwenye mchezo wa kuvunja magari kiasi hicho, kumaliza mara 19 si bahati, ni masikio ya fundi. Dereva wa kawaida husikia kelele, fundi husikia beringi ya kushoto inaomba msaada, naye hupunguza mwendo kabla haijakatika.

Tanzania nayo ina sehemu yake kwenye historia hiyo. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 ubingwa ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wakati huo ungeweza kuliona likiwa teksi. Maana yake, gari la watu wa kawaida likipita mikononi mwa watu wanaolijua lilitosha kuwanyima usingizi wakubwa.

MCHEZO AMBAO MWENDO KASI SI HOJA

Leo Safari ya Naivasha, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni ya magari ya mamilioni. Gari likija kwenye huduma, mafundi wanaliparamia kama nyuki, wanafungua na kufunga ndani ya dakika zilizohesabiwa. Lizaboni haiwezi kushindana na hilo, na si lazima ishindane.

Kuna michezo mingine ya magari ambayo haiulizi nani ana kasi. Kenya wana Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989. Magari yanapelekwa porini, yanapewa vituo 13 vya kufikia na saa 10 za kufanya hivyo. Hakuna barabara. Anayeshinda si aliyewahi, ni aliyefika vituo vyote kwa kutembea umbali mfupi zaidi. Ukizunguka mlima umepoteza, ukiupanda na kuvunja ekseli umepoteza zaidi. Kuna watu wanakimbia mbele kwa miguu kutafuta njia, kuna wa kushika winchi, na fundi ni mchezaji kamili wa timu. Fedha zinazochangwa zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa kuzunguka msitu wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009.

Na wala si mambo ya jirani peke yake. Mwaka 1991 Camel Trophy, mashindano yaliyokuwa yakizungushwa duniani kwenye njia mbovu kuliko zote, yalifanyika Tanzania na Burundi, kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura. Magari yalikuwa Land Rover Discovery na washindi walikuwa Waturuki. Kwenye mashindano yale timu zilipewa magogo, kamba na mashoka, zikaambiwa zijenge daraja na kuvusha gari. Yaani dunia nzima ilikuwa ikipewa alama kwa kazi ambayo utingo wa Songea–Tunduru aliifanya kila masika kwa ujira wa chakula.

Mapenzi ya gari hilo hayajaisha. Oktoba 2024 Arusha iliandaa Tamasha la Land Rover, na mamia ya magari yakapangwa msururu mmoja, mengine ya umri wa babu. Wenye magari walipiga picha na watoto walipanda juu ya boneti. Lakini nyuma ya kila gari la aina ile lililofika kwa magurudumu yake yupo fundi fulani, mahali fulani, aliyelala chini yake siku tatu.

Mbio za magari nchini zimezoeleka Arusha, Tanga, Morogoro, Iringa na Pwani. Songea si jina linalosikika kwenye kalenda hiyo, ingawa ina vilima, mito, udongo wa kila tabia, na milima ya Matogoro unakoanzia Mto Ruvuma. Kinachokosekana hakijawahi kuwa uwanja.

CHEKECHEA YA BERINGI

Timu ya vijana ipo, ila haijui kama ni timu.

Mtoto wa mtaa wowote wenye mteremko anajua gari la beringi. Ubao mmoja wa kukalia, ubao wa mbele unaozunguka kwenye bolti moja, kamba ya usukani, na beringi tatu au nne zilizookotwa gerejini. Fundi akitoa beringi mbovu kwenye habu, kabla haijagusa chini ina mwenyewe. Kwake imekufa, kwa mtoto ndiyo kwanza inazaliwa.

Mtazame mtoto yule akitengeneza. Hakuna aliyemfundisha, lakini anachonga ncha ya mhimili kidogo kidogo hadi beringi iingie kwa kubana. Akichonga mno inacheza, akichonga kidogo mti unapasuka. Akiweka magurudumu ya nyuma karibu karibu gari linapinduka kwenye kona, akiyatanua linatulia. Breki ni kisigino, na kisigino kikiungua anavumbua ubao wa kukanyagia. Siku ya mashindano wanapanga mstari juu ya mteremko, mmoja anahesabu, wanashuka na kelele za chuma juu ya barabara hadi mama mmoja atoke na mwiko.

Huo ni uhandisi wa magari uliokamilika: mbao, chuma, uzito, kona na breki. Mtoto huyo akisogezwa hatua moja ndani ya gereji, akapewa spana badala ya kufukuzwa, ameshavuka mwaka wa kwanza wa ufundi bila kulipa ada.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hufukuzwa. Na akifika miaka 16, anayoyaona mbele yake ni bodaboda ya mkataba au basi la kwenda Dar es Salaam.

PALE MCHEZO UNAPOUA

Isidhaniwe kwamba gereji ya chini ya mti ni ya kusifiwa tu. Ina sura yake nyingine, na hiyo haina kiingilio cha kucheka.

Fundi anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake anacheza kamari na maisha yake. Jeki ya mafuta ina mpira mdogo ndani, mpira huo ukikata gari linashuka bila honi. Kuegemeza kwa tofali ni kujidanganya, tofali halilalamiki kabla ya kuvunjika, linavunjika tu. Hapo ndipo vitalu vya mbao ngumu, vilivyopangwa kwa kukatizana kama kuni za kambi, vinapookoa mtu. Mbao ikizidiwa hulia kwanza, hutoa mlio, humpa mtu nafasi ya kujiondoa. Kigingi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kitalu chini ya chesisi, kisha ndiyo mtu aingie. Dakika tano hizo zimewashinda wengi kwa sababu mteja amesimama pembeni anaangalia saa.

Yapo na mengine. Kuchomelea bila miwani ya giza, macho yanalipa usiku. Kuchomelea karibu na tangi la mafuta lililo tupu, ambalo kwa mvuke wake ni hatari kuliko lililojaa. Kuranda na kupiga msasa siku nzima bila kitambaa puani, vumbi la mbao ngumu likajenga makazi kifuani. Msumeno wa umeme uliotolewa kinga yake ili ukate haraka, ukaja kukata na kidole.

Wachezaji wa rali huvaa kofia ngumu na mkanda wa pointi nyingi, na gari lao hujengewa vyuma vya kuzuia paa lisiwalalie. Hakuna anayewaita waoga. Fundi wa Lizaboni anastahili heshima hiyo hiyo ya kuogopa kifo.

Elimu yenyewe haiko mbali. Magharibi mwa mji kuna Peramiho, walikofika watawa Wabenediktini mwaka 1898 na kujenga karakana ambazo kwa vizazi zimetoa maseremala na mafundi chuma. Mjini kuna chuo cha VETA. Na kwa fundi aliyejifunzia chini ya mwembe, VETA ina utaratibu wa kumpima kwa kazi anayoijua na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kuanza moja. Karatasi hiyo haimwongezei ujuzi wa springi, lakini inamfungulia mlango wa kazi kwenye kampuni, kwenye mbuga na, nani ajuaye, kwenye timu ya mashindano.

MASIKA HAYANA OFU-SAIDI

Lami itaendelea kusogea, na isogee. Lakini Ruvuma bado ina vijiji ambako gari la kawaida linafika Oktoba na halionekani tena hadi Mei. Bado kuna mahindi ya kutoka, kahawa ya kutoka, mama wa kufikishwa hospitali. Siku Land Rover ya mwisho itakapokosa mtu wa kuisikiliza, wa kwanza kuumia si shabiki wa magari, ni mgonjwa aliye upande wa pili wa mto.

Ndiyo maana mashindano madogo ya njia mbaya mkoani, ya kupita mtoni, kujenga kivuko cha magogo, kubadili springi kwa saa, hayangekuwa anasa ya wenye nacho. Yangekuwa namna ya kumwambia kijana kwamba anachokijua kina jina, kina alama na kina mshindi. Mpira wa miguu ulianza hivyo hivyo: watoto walikuwa wanacheza tayari, mtu akaja na filimbi.

Jioni Lizaboni kazi hufungwa kwa mpangilio ule ule. Seremala anafagia maranda na kuyamwaga pale dizeli ilipomwagika, yanyonye mafuta kabla mtu hajateleza. Fundi magari anapangusa spana moja moja, anazihesabu, anazilaza kwenye sanduku alilotengenezewa na jirani yake. Chini ya Land Rover vitalu vya mkongo vinabaki vimebeba uzito usiku kucha.

Kule kwenye mteremko beringi zinalia kwa mara ya mwisho kabla giza halijaingia. Mmoja ameshinda, wengine wanabisha kwamba aliondoka kabla ya kuhesabiwa. Kesho asubuhi aliyeshindwa atakuwa wa kwanza kufika gerejini, kuuliza kama kuna beringi nyingine imekufa.